Gari la Mama

Mimi gari jeupe sinunui. Mume wangu anajua, ndugu zangu wanajua. Wiki iliyopita mume wangu alileta nyumbani kopo la dawa ya kung'arishia rangi ya gari, ile nzito kama dawa ya meno, akalifungua palepale sebuleni eti anusanuse. Nikatoka nje na kanga yangu bila viatu, baridi yote ile. Akanifuata mlangoni. "Kuna nini tena?" Nikamwambia harufu. Akasema, "Mbona hainuki hivyo?" Hainuki kwake. Mimi nikiisikia tu, ule ukali wa mafuta ya taa uliochanganyika na kitu kitamutamu kama pipi, nina miaka tisa, niko Malvern, Kanada, nimechuchumaa kwenye maegesho nyuma ya nyumba yetu, bega linauma, na nina furaha ambayo sikuja kuwa nayo tena. Hiyo furaha ndiyo inayonitia hasira mpaka leo.

Kanada tulitangulia mimi na baba, nikiwa na miaka mitano. Ndivyo nilivyoelewa, kwamba tumetangulia. Mama alibaki Morogoro akifundisha shule ya msingi, na angefuata. Tulikaa kwa shangazi yangu, dada yake baba, aliyekuwa akihudumia wazee kwenye nyumba ya wazee, akirudi ananuka sabuni ya hospitali. Nikimuuliza baba mama atakuja lini, anasema, "Mungu akipenda." Nikimuuliza Shangazi, anasema, "Muulize baba yako." Basi nikawa naomba kila usiku Mungu apende, kwa sababu nilidhani yeye ndiye anayechelewesha.

Na kuna jambo la ulimi. Kiswahili changu wakati ule kilikuwa cha kusikia, si cha kusema. Shule ilikwisha kuumeza ulimi wangu. Wakubwa wanasema Kiswahili, mimi nawajibu Kiingereza, na wote tunaridhika kwamba tumeelewana. Wenzangu mliokulia huku mnajua ninachosema. Kuuliza si ujinga, lakini utaulizaje kwa lugha ambayo unaisikia tu?

Jioni moja tunakula ugali na mchicha, baba akakohoa kidogo, akasema, "Lulu, mama anakuja. Mwezi wa nane kuna shughuli, halafu mama atahamia hapa, tutakaa naye."

Tonge lilinidondoka. Nilipiga yowe, nikamrukia baba shingoni na mikono yangu yenye mboga, nikamchafulia shati la kazini. Nikamuuliza kwa Kiingereza ndege yake inatua saa ngapi, na kama tutakwenda wote kumpokea. Baba alinishika mabega, akaniangalia. Halafu akamwangalia Shangazi. Shangazi aliangalia sufuria.

"Wewe ngoja tu," baba akasema. "Utaona."

"Amefurahi," Shangazi akasema, taratibu, kama mtu anayepima moto kwa kidole.

"Eh. Amefurahi," baba akasema, na akaendelea kula.

Kesho yake akaanza na gari. Gari letu lilikuwa la Kijapani, la milango minne, limezeeka kuliko mimi. Baba alilinunua kwa jirani mmoja Mtamil, na hati zilisema ni jeupe. Jeupe lipi! Boneti na paa vilikuwa vimepauka vikawa rangi ya maziwa yaliyolala, ukipitisha kiganja kinatoka na unga kama umeshika chaki. Chini ya milango, chumvi wanayomwaga barabarani wakati wa theluji ilikuwa imeacha vidoa vya kahawia, vingi, kama surua. Watoto wa mtaani walikuwa wakiliita jino bovu.

"Mama hawezi kupanda hili," baba akasema. "Tutaaibika."

Mwezi wa saba huku jua halizami mpaka uchoke kulisubiri, kwa hiyo kila akitoka kazini tulikuwa na jioni ndefu. Kwanza tuliliosha kwa sabuni ya vyombo, ndoo mbili, ya sabuni na ya kusuuzia. Halafu akanionyesha kidongo, kipande laini kama unga wa chapati uliokandwa, unakifinyanga bapa, unalowesha bodi kwa maji ya sabuni, unakipitisha juu huku na huku. Mwanzoni kinakwaruza, unasikia changarawe chini ya vidole. Kisha kinanyamaza, kinateleza. "Kikinyamaza, hapo pamesafika," baba alisema. Nilikuwa nikikigeuza na kukuta kimejaa uchafu wa kahawia, nakionyesha kwa fahari kama mtu aliyevua samaki.

Baada ya hapo ndiyo ile dawa nzito. Unatia kidogo kwenye kitambaa, unasugua kipande kidogo tu, kama sahani, ukimaliza unafuta, unahamia kipande kingine. Hukurupuki. Baba alichukua paa na boneti, mimi nikapewa milango kwa chini. Nilipogeuza kitambaa changu mara ya kwanza nilikuta kimejaa nyeupe, rangi yenyewe, imenata pale. Niliogopa. Nikamwambia, "Baba, tunalimaliza gari!" Alicheka mpaka akaegemea bampa.

"Hatulimalizi. Ile iliyokufa juu ndiyo inatoka. Ya chini iko hai. Sugua."

Nikasugua. Haki ya Mungu, nilisugua. Na kweli chini yake kukatokea weupe ambao sikuwa nimeuona, weupe wa shati la sare ya shule ya Morogoro asubuhi ya Jumatatu, hilo nililikumbuka vizuri kwa sababu mama ndiye aliyekuwa akinifulia. Nilimwambia baba. Akasema nisisahau kwenye pembe za kitasa.

Jumapili zikaanza kuja na vikao. Watu wa kanisani walikuja baada ya ibada, wakajaa sebuleni, Shangazi akakaanga sambusa. Kulikuwa na mwenyekiti, mwanaume mnene mwenye sauti ya redio, na kulikuwa na kamati: kamati ya chakula, kamati ya ukumbi, kamati ya usafiri. Sisi watoto tulifukuzwa juu, lakini ngazi zina masikio. Nilikaa kwenye kidato cha juu nikasikiliza.

"Kamati ya usafiri, usafiri wa mama umekaaje?"

"Umekamilika, mwenyekiti. Gari ni la bwana mwenyewe, linang'arishwa. Riboni tutafunga asubuhi ileile."

Nilijiuma mkono nisipige kelele. Usafiri wa mama umekamilika! Kamati nzima, jamani, watu wazima wenye kazi zao, wanakaa kikao kwa ajili ya kumleta mama yangu kutoka Morogoro! Nilifikiri ndivyo Watanzania wanavyofanya. Nilijivunia kuwa Mtanzania.

Neno harusi sikulisikia hata mara moja. Hilo nimelirudia kichwani kwa miaka. Harusi nilikuwa nalijua, hata mtoto wa Malvern analijua. Wao walisema shughuli. Shughuli itaanza saa nane, siku ya shughuli, sare za shughuli. Kiswahili ni kitajiri, kina neno la kufunika kila kitu kama kawa juu ya chakula.

Kulikuwa na Anti Stella. Huyu alikuja kutoka Parkdale kila Jumamosi, mabasi na treni, kunisuka nywele, kwa sababu Shangazi mikono yake ilikuwa ya kuuguza wazee, si ya kusuka. Nilimpenda, nisiseme uongo. Alikuwa na vidole vyepesi na alinisimulia hadithi za sungura akiwa ameniweka katikati ya magoti yake. Siku moja akaniuliza kutoka juu ya kichwa changu, "Baba amekuambia?"

"Ndiyo," nikasema kwa Kiswahili, maana neno hilo nililiweza. "Mama anakuja."

Vidole vikasimama. "Na wewe umefurahi?"

"Sana sana sana."

Aliinama akanikumbatia kwa nyuma, na chozi lake likanidondokea kwenye mstari wa nywele, nikalisikia la moto. Nilidhani analia kwa kunionea raha. Yeye, nilikuja kujua, alidhani nimempokea. Tulikumbatiana pale, kila mmoja na mama yake kichwani.

Mama mwenyewe tulikuwa tukimpigia kwa kadi za simu, zile za kukwangua, Jumapili mchana, kwake kukiwa usiku. Jumapili moja Shangazi alinikwangulia kadi akarudi jikoni kwa wageni wake wa kikao, na mimi nikabaki na simu kwenye ngazi.

"Mama, gari yako nyeupe sasa," nikamwambia kwa Kiswahili changu kibovu. "Mimi na baba nasugua."

Akacheka. "Gari langu? Lipi tena hilo mwanangu?"

"Ya kukuchukua. Kamati ya usafiri imesema sawa."

Simu ikawa na ule upepo wake wa mbali. Nikadhani imekatika. "Mama?"

"Nipo. Kamati?"

"Ndiyo. Wanakuja Jumapili, wanakula sambusa. Kuna mwenyekiti."

"Eh." Kisha, "Na sare mmeshashona?"

Nilishangaa, nikafurahi kupita kiasi. Anajua habari za sare! Basi ni kweli anakuja, wamemwambia kila kitu! "Ya bluu!" nikapiga kelele. "Yangu ina mikono ya puto!"

"Itakupendeza," mama akasema. "Bluu inakupendeza." Nikamuuliza mambo mengine, kwa Kiingereza sasa, haraka haraka, atalala chumba gani, ataniletea nini. Alisema tu, "Sugua vizuri, mwanangu. Ukianza kazi uimalize." Hakuomba nimpe baba simu.

Mwalimu wa shule, mwanamke wa Morogoro aliyekaa vikao vya harusi vya nusu ya mji. Ni nani angemdanganya kwa neno kamati?

Siku ya shughuli ilifika na jua kali. Gari lilikuwa limewaka mpaka linaumiza macho, na riboni za dhahabu kwenye boneti. Baba alikuwa ameondoka mapema na rafiki yake mmoja, amevaa suti mpya. Shangazi akasema tutakutana naye mbele. Nikavaa gauni langu la mikono ya puto, nikapewa maua ya kumpa mama, tukaingia kwenye gari mimi na Shangazi, na yule mjumbe wa kamati ya usafiri akaendesha. Tukashika barabara kuu kuelekea magharibi. Uwanja wa ndege uko magharibi. Nilikuwa nakaa mbele kidogo ya kiti nisikunje gauni, nasali nisitapike kwa furaha.

Tulipokata kushuka kusini, upande wa ziwani, nikamwambia Shangazi kwamba uwanja wa ndege siyo huku. Shangazi akatoa kitambaa akanifuta jasho puani. "Tulia," akasema. "Unaharibu poda."

Tukafika Parkdale, ghorofa refu la matofali ya kahawia. Basi nikajipa jibu mwenyewe, kama nilivyojipa majibu yote kiangazi kile: mama ametua jana, amepumzishwa hapa, wanataka kunishtukiza. Mlango ukafunguliwa kwa vigelegele. Wanawake wamejaa, wote bluu, na katikati yao amesimama Anti Stella, na shela.

Nilimtabasamia. Nikafikiri, kumbe na Anti Stella ana harusi leo! Nikampita. Nikaingia chumbani, nikaangalia kitandani, nikaangalia nyuma ya mlango. Nikarudi sebuleni.

"Lulu," Shangazi akasema, "mpe mama maua."

"Mama yuko wapi?"

Nilisema kwa Kiswahili, kilichonyooka, na kila mtu alinisikia. Wakacheka. "Si huyu hapa! Jamani, mtoto kachanganywa na shela!" Na vigelegele vikapanda tena. Anti Stella peke yake hakucheka. Alikuwa akiniangalia usoni, na niliona jinsi rangi ilivyomtoka chini ya poda. Akamgeukia Shangazi.

"Hamkumwambia?"

"Aliambiwa," Shangazi akasema. "Alifurahi. Muulize baba yake."

Sikulia. Nililelewa vizuri mimi. Nilimpa maua, akayapokea, tukashuka na lifti, tukapanda lile gari, yeye dirishani na mimi katikati, gauni lake limenifunika magoti. Njia nzima alijaribu kunishika mkono, na njia nzima niliuweka chini ya paja langu. Nje watu wasiotujua walikuwa wakipiga honi kwa furaha wakiona jinsi gari lilivyopendeza.

Kanisani nilifikiri baba hajui. Nisikilizeni vizuri hapo, maana hapo ndipo penyewe. Nilijishikiza kwenye hilo ibada nzima: baba hajui kwamba sikuelewa, ni kosa la Kiswahili changu, nikimweleza atasikitika, pengine atasimamisha. Mtoto ana njia zake za kumtetea mzazi. Wanasema kikulacho ki nguoni mwako, lakini ukiwa na miaka tisa nguo yenyewe ndiyo unayojifunika.

Ukumbini baada ya chakula, yule mwenyekiti wa sauti ya redio akashika kipaza sauti. "Jamani, gari mmeliona? Mmeliona lilivyokuwa mwezi wa sita? Lilikuwa la njano kama ndizi! Usione vyaelea!" "Vimeundwaaa!" ukumbi ukaitikia. Akamwita baba. Baba akaja kunichukua mezani, akanisimamisha mbele ya watu wote, mkono wake juu ya kichwa changu kilichosukwa. Akasema, "Milango ile yote kasugua binti yangu kwa mikono yake. Kila siku alikuwa akisema ni kwa ajili ya mama yake."

Watu wakasema "ooo," wengine wakajifuta macho. Mimi nikainua uso nikamtazama, na yeye akatazama pembeni, kwenye keki.

Alikuwa anajua. Tangu siku ya ule ugali alikuwa anajua ninamsubiri nani, na aliniacha nisugue, kwa sababu mtoto anayesugua kwa furaha halii. Sijui kama mmewahi kusalitiwa mbele ya watu mia mbili wanaowapigia makofi. Miguu haianguki. Unasimama tu.

"Basi kuanzia leo," mwenyekiti akapaza sauti, "huyu shemeji yetu tutamwita nani?"

"Mama Lulu!" ukumbi mzima ukajibu.

Nilipokuwa mkubwa Shangazi alinieleza yaliyobaki. Baba na mama hawakuwahi kufunga ndoa. Waliishi tu, wakanizaa, na kwenye maombi ya kuja Kanada baba alijiandika kwamba hana mke. Mama hakuwa akisubiri chochote huko Morogoro, kwa sababu hapakuwa na ombi lolote lililopelekwa kwa ajili yake. Nilimwendea baba na hilo, mtu mzima kwa mtu mzima, kwenye meza ileile. Nikamwambia ulinidanganya. Akaweka kijiko chini. "Sikukudanganya, Lulu. Nilisema mama anakuja. Hakuja?" Na kusema kweli hakunidanganya. Hakuna sentensi hata moja ninayoweza kumshikia. Alinipa neno moja lenye tumbo kubwa, nikajaza mwenyewe. Tunasalimiana, sikukuu nampelekea keki, lakini mtoto wangu simwachii hata kwa saa moja.

Anti Stella alinilea, na alinilea vizuri, simsemi kwa ubaya. Aliniomba msamaha mara nyingi kwa kosa lisilo lake.

Jumapili iliyofuata baada ya harusi baba na Anti Stella walikuwa bado hawajarudi kutoka mapumzikoni, na Shangazi akanikwangulia kadi kama kawaida, bila kuniangalia. Niliandaa maneno yangu ya Kiswahili tangu asubuhi. Nilitaka kumwambia mama kwamba sikujua. Nilitaka kumwambia kwamba nilidhani ni yeye. Lakini aliwahi yeye.

"Alipendeza?" akauliza. Sauti ilikuwa ya kawaida kabisa, kama ananiuliza nimekula nini.

Maneno yote yakanitoka. "Ndiyo," nikasema.

"Na wanamwitaje huko sasa?"

Ningeweza kusema Anti Stella. Ningeweza kusema sijui. Nilikuwa na miaka tisa na nilifundishwa na yeye mwenyewe kwamba mwalimu akiuliza unajibu.

"Mama Lulu."

Upepo wa simu ukavuma, ukavuma.

"Hata mimi hapa mtaani wananiita hivyohivyo," mama alisema. Siku zote ni kadi iliyokuwa ikitukatiza katikati ya neno. Siku hiyo dakika zilikuwepo, tele, na alikata yeye.